Nani alichora kanga uliyojifunga? Tuwataje wachoraji na mafundi wa nguo zetu

BintiMchangani (Unguja)

Salaam, wanajukwaa.

Nina doti ya kanga aliyoniachia bibi yangu. Ukiisoma upindoni, kwenye zile herufi ndogo zinazopotea mtu akishaipinda, utaona mwenye mali ni nani na mchoro ni namba ngapi. Chini ya mji, ule uwanja wa katikati, pameandikwa "Wema hauozi". Kila aliyekula faida ya kitambaa hiki ameandikwa. Aliyechora zile korosho, akapanga vidoti vya pindo visigongane pembeni, akaamua nyekundu ikomee wapi na nyeusi ianzie wapi, hayumo.

Pwani si watu wa kusahau majina. Muyaka tunamjua. Mwana Kupona tunamjua. Hao wamekufa zaidi ya miaka 150 iliyopita na beti zao tunazisoma mpaka leo. Mchoraji wa kanga aliyekuwa kazini juzi tu, wakati mama zetu wanaolewa, hakuna anayemjua.

Dai langu ni hili: wenye maduka waliwafuta kwa makusudi, kwa sababu mchoraji akijulikana, duka la jirani litamchukua. Nipingeni. Na mwenye jina la mchoraji, mshonaji au mfumaji yeyote ambaye hajapata haki yake, alete hapa.

MzeeWaUhuru (Dar)

Mwanangu, mimi nimeuza kanga Mtaa wa Uhuru tangu ujana wangu, na sijaona aliyefichwa. Nitakwambia mchoro unavyozaliwa. Mama anakuja dukani, anaishika kanga ya msimu uliopita, anasema: mji huu naupenda, ila pindo limekuwa zito, na hiyo kijani itoke. Wakija watano wanasema lile lile, mwenye duka anaandika oda: mji wa namba fulani, pindo la namba fulani, kijani toa, weka zambarau. Kiwandani mtu anaunganisha. Sasa hapo mchoraji ni nani? Mama? Mwenye duka? Aliyeunganisha? Huwezi kuandika jina moja.

LesoYaMvita (Mombasa)

Anayetafuta asili ya jambo hili aanzie Biashara Street, si Kariakoo. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara hapa Mombasa 1887, na watu wakimwita Abdulla. Mpaka leo leso zake, ndivyo tuitavyo kanga huku, zina alama ya "K.H.E. Mali ya Abdulla", na mama wa Mombasa akiiona hiyo haulizi bei mara mbili. Maneno kwenye leso yeye ndiye asemekanaye kuyaanzisha, mwanzoni mwa karne ya 20, yakiandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya kuja hizi za Kirumi. Kwa hiyo jina tunalo. Mwalike kwenye uzi wako.

MtafitiMdogo

@LesoYaMvita, maneno ni kitu kimoja na mchoro ni kitu kingine. Kaderdina anatajwa kwa maneno. Kanga zenye pindo na mji zilikuwapo kabla ya maneno, na zilikuwa zikichapwa mbali: Uholanzi, Uingereza, baadaye Japani na India. Kule Helmond, Uholanzi, kampuni ambayo leo tunaijua kwa vitenge vya Vlisco ilikuwa ikichapa kanga za soko letu katika karne ya 19.

Hii inaibadilisha hoja ya mleta uzi. Mkono ulioshika kalamu huenda ulikuwa wa fundi wa Helmond au wa Manchester ambaye hakuwahi kuiona bahari ya Unguja. Alichora kwa kufuata sampuli zilizotumwa kwa meli, na sampuli zilitumwa kwa sababu wanawake wa Unguja walikuwa wepesi wa kukataa. Mtindo ukichelewa miezi michache, shehena nzima ilibaki ghalani. Wafanyabiashara wa Ulaya walilalamika sana juu ya jambo hilo.

Hivyo kuna watu wawili wasiotajwa: fundi wa Ulaya aliyechora, na mwanamke wa mtaa wa Ng'ambo, Unguja, aliyemwelekeza bila kuonana naye.

BintiMchangani

Asante @MtafitiMdogo. Ila huyo fundi wa Helmond mimi simlilii sana, alikuwa na mshahara wake na kwao wana makumbusho. Namtafuta yule wa kwetu. Viwanda vilipokuja hapa, wachoraji walikuwa kina nani?

@MzeeWaUhuru, shikamoo. Umesema "kiwandani mtu anaunganisha". Huyo mtu ndiye ninayemtaka.

KapiPunjani

Naweka kambi. Mke wangu ana sanduku zima la kanga na hajawahi kuniruhusu hata kulifungua, sembuse kujua aliyezichora.

MjukuuWaSkrini (Dar)

Nimesoma hadi hapa nikaona nisinyamaze. Marehemu mjomba wangu alikuwa mmoja wa hao "watu wanaounganisha". Alifanya kazi idara ya michoro katika kiwanda kimoja cha nguo, jina la kiwanda naliacha. Kazi aliyokuwa akiifanya mezani niliiona, maana alikuwa akija nayo nyumbani.

Kanga haichorwi nzima. Ikiwa pande zake zinalingana, anachora robo: pembe moja ya pindo, kipande cha ubavu, na robo ya mji. Robo hiyo inageuzwa na kupinduliwa mpaka ikamilike. Kazi ngumu kuliko zote ni pembe. Pindo la ubavu mrefu na pindo la ubavu mfupi lazima yakutane bila ua kukatwa katikati, na vipimo vya kanga, kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, havigawanyiki vizuri kwa kila ua. Mjomba alikuwa akiongeza kidoti hapa, akibana jani pale, mpaka macho yasione kwamba kuna mahali pamelazimishwa. Ukitaka kumjua mchoraji stadi, usitazame mji. Tazama pembe.

Baada ya hapo kila rangi inachorwa peke yake kwa wino mweusi juu ya filamu inayopitisha mwanga. Kanga ya rangi tatu ina filamu tatu, na kila filamu inatengenezewa skrini yake. Zikipishana kidogo tu, utaona mstari mweupe kando ya ua, au rangi moja imepanda juu ya nyingine. Na maneno yalikuwa na filamu yake mbali. Ndiyo maana unakuta mchoro ule ule, mwaka huu unasema "Wasiwasi wako ndio maradhi yako", mwaka kesho unasema maneno mengine kabisa.

Mjomba hakuwa na jina kwenye hata kanga moja. Lakini hakulalamika juu ya jina. Alilalamika juu ya kitu kingine: mchoro wake uliuzwa kwa duka, duka likaupeleka nje ukachapwa kwa bei ndogo, ukarudi hapa umechapwa vibaya, pembe zake zimeharibiwa. Aliwahi kuikuta moja sokoni akaikunjua mbele ya muuzaji, akaonyesha kwa kidole: ua langu lilikuwa na majani matano, hili lina manne na nusu.

Ummu_Sheikha (Muscat)

MashaAllah, @MjukuuWaSkrini, Mungu amrehemu mjomba. Hilo la pembe nimekwenda kulitazama kwenye kanga zangu zote sasa hivi. Ni kweli kabisa. Kuna moja niliyoletewa na wifi, pembe yake ua limekatwa kichwa.

MzeeWaUhuru

Nimefurahi kumsikia mjomba wa kijana huyu. Watu wa namna hiyo walikuwa wengi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilipofunguliwa kwa msaada wa Wachina, miaka ya sabini baada ya Azimio la Arusha, vijana wetu wengi walifundishwa humo.

Kitabu_Wazi

Mzee, shikamoo. Urafiki kilifunguliwa 1968. Azimio ni la 1967, kwa hiyo "baada ya Azimio" ni sawa, sabini siyo.

Nami naongeza hoja. Mnazungumza kana kwamba kutotajwa ni tabia ya maduka. Mimi naona ni tabia ya kiwanda chochote. Aliyebuni chupa ya soda hatumjui. Aliyechora kisanduku cha kiberiti hatumjui. Kanga ni bidhaa ya kiwandani, hilo tu. Tukiigeuza kuwa sanaa leo, tusiwalaumu wa jana kwa kutoiweka saini.

BintiMchangani

@Kitabu_Wazi, kisanduku cha kiberiti hakifunikwi juu ya maiti. Hakiwekwi kwenye sanduku la bi harusi. Mtoto hapokelewi kwa kisanduku cha kiberiti. Kitu kinachotushika kuanzia kuzaliwa mpaka kuzikwa kinastahili kuulizwa kimetoka mkononi mwa nani.

Nyota_ya_Kusini (Lubumbashi)

Jambo sana kwenu. Kwetu tunavaa bikwembe, ndiyo vitenge, kanga haiko sana, lakini nina jambo la kuleta.

Kule Kasai kuna nguo za Wakuba. Wanaume wanafuma nyuzi za majani ya mti wa rafia, wanawake wanadarizi juu yake maumbo ya pembe na mistari, halafu wanakata ncha za nyuzi mpaka zinasimama laini. Kipande kimoja kinaweza kuchukua mwanamke muda mrefu sana, na hachori kwanza: umbo liko kichwani. Vipande hivyo viko katika majumba makubwa ya Ulaya na Marekani. Mchoraji Mfaransa Henri Matisse alikuwa navyo, alivitundika ukutani nyumbani kwake. Leo maonyesho yakifanywa utasoma kwamba kitambaa hiki kilikuwa cha Matisse. Jina la mwenye kukinunua liko. La mama aliyekidarizi haliko.

Kule hapakuwa na kiwanda, wala mwenye duka wa Biashara Street, wala oda. Kwa hiyo @Kitabu_Wazi, sababu yako haitoshi.

MtafitiMdogo

Hoja nzito hiyo. Pale aliyefuta ni mkusanyaji. Aliandika kabila, akaona inatosha.

Ssalongo_K (Kampala)

Habari zenu. Nami nalichukua kwa upande mwingine. Buganda tuna lubugo, kitambaa cha gamba la mti wa mutuba. Gamba linabanduliwa bila kuua mti, mti unafungwa kwa majani ya mgomba ili upone, halafu gamba linalainishwa kwa mvuke na kupigwa kwa nyundo za mbao zenye mifereji, kwanza yenye mifereji mipana kisha yenye myembamba, mpaka linapanuka na kuwa kitambaa laini. Likianikwa juani linageuka rangi ya udongo mwekundu. UNESCO ililitangaza kuwa urithi wa binadamu 2005, likaingia kwenye orodha yake 2008.

Sasa lubugo halina saini, lakini halina fumbo pia. Kazi hiyo ni ya ukoo wa Ngonge, na mkuu wao ana cheo chake, Kaboggoza. Ukiuliza kitambaa cha kutawazwa Kabaka kimetoka wapi, utaambiwa ukoo, utaambiwa nyumba. Jina la mtu halikuhitajika kwa sababu jina la ukoo lilikuwa linafanya kazi hiyo. Pengine kanga ilipoteza majina kwa sababu haikuwa na ukoo. Ilikuwa ya kila mtu tangu siku ya kwanza.

Na kwa kuwa umeomba majina, Binti: Sanaa Gateja, Mganda wa Kisoro. Anatengeneza shanga kwa karatasi zilizotumika, anazishonea juu ya lubugo, zinakuwa kazi kubwa za kutundika ukutani. Huyo yuko hai, tumtaje. Na Nuwa Nnyanzi, Mganda mwenzetu, batiki zake zilijulikana sana Nairobi alipokuwa akiishi huko.

BintiMchangani

Asante sana, ndugu yangu wa Kampala. Majina ya kwanza hayo.

Mama_Ntilie_wa_Tanga

Hilo la Ssalongo kwamba kanga haikuwa na ukoo, mimi nitalisema waziwazi zaidi. Kanga ilipendwa kwanza na nani? Zamani mtumwa wa Unguja alivaa merikani au kaniki. Merikani ni ile pamba isiyopaushwa kutoka Marekani, kaniki ni hiyo hiyo iliyopigwa nili mpaka ikawa nyeusi. Utumwa ulipopigwa marufuku Unguja 1897, wanawake waliotoka utumwani waliitupa kaniki, wakajifunga kanga za rangi. Hawakutaka kutambulikana kwa nguo ya utumwa tena. Hao ndio waliolisukuma soko, hao ndio waliokuwa wakikataa mitindo iliyochelewa. Nani angewaandika majina yao? Hata kwenye hati za mashamba waliandikwa kwa jina moja tu, na jina lenyewe wamepewa na bwana.

Ndiyo maana namuunga mkono Binti nusu. Waliofutwa walifutwa kabla ya duka kufunguliwa.

Ami_Shee (Lamu)

Maneno ya Mama Ntilie yamenigusa. Lakini angalieni Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba 1880, wazazi wake walitoka utumwani, alikuwa akiuza vyungu. Jina lake kila mtu analijua. Kwa nini? Kwa sababu 1928 alikwenda Bombay kurekodi, na santuri inaandikwa jina la muimbaji. Bila ya jina, santuri haiuziki. Angekuwa mchoraji wa kanga badala ya muimbaji, leo tungekuwa tunauliza habari zake humu.

Kwa hiyo si utumwa peke yake, wala si tabia ya viwanda. Ni bidhaa ipi inahitaji jina ili iuzike. Kanga ilihitaji jina la duka, kwa sababu mnunuzi anataka kujua rangi itatoka au haitatoka. Santuri ilihitaji jina la mtu.

Kitabu_Wazi

Hilo la Ami Shee ndilo nililokuwa nalitafuta. Nalichukua mzima mzima.

BintiMchangani

Ami Shee, shikamoo. Mimi silichukui. Mama zetu wangenunua vile vile kama upindoni pangeandikwa jina la mchoraji pembeni ya jina la duka. Nafasi ipo. Herufi zile hazigharimu kitu, filamu ya maneno ipo tayari, mjomba wa @MjukuuWaSkrini ameshatueleza kupitia kwa mpwa wake. Walikuwa na nafasi ya namba ya mchoro wakakosa nafasi ya jina?

Mzanzibari_Preston (Uingereza)

Nimechelewa kuingia. Majina mnayo makubwa na hamjayataja. Lubaina Himid alizaliwa Unguja 1954, baba alipofariki mama yake akarudi naye Uingereza akiwa mchanga. Mama yake alikuwa mbunifu wa michoro ya nguo. 2017 Lubaina alishinda Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa huku Uingereza, mwanamke wa kwanza mweusi kuipata, akiwa na miaka 63. Amechora kazi nyingi kwa umbo la kanga: pindo, mji, na maneno chini.

Na nikitaja Uingereza siwezi kumwacha Althea McNish, ingawa si wa kwetu, ni wa Trinidad. Alipomaliza masomo London 1957 duka la Liberty lilimwagizia michoro mara moja. Mchoro wake maarufu wa 1959 aliuita "Golden Harvest": aliliona shamba la ngano huko Essex likamkumbusha miwa ya kwao. Mwanamke mweusi kwenye kazi hiyo wakati ule! Alifariki 2020. Maonyesho makubwa juu ya kazi zake yalifanywa William Morris Gallery, London, 2022. Miaka miwili baada ya kuzikwa. Yaani hata mwenye jina alisubirishwa.

LesoYaMvita

@Mzanzibari_Preston, namheshimu Lubaina Himid, lakini kazi zake hazivaliwi. Zinatundikwa. Uzi huu ni wa watu waliochora nguo ambazo mama yako alizibebea mtoto, akafungia kiuno, akasimamia jikoni. Ukiwaweka pamoja, mwenye tuzo atawafunika tena wale wasiojulikana.

Mzanzibari_Preston

Au atawavuta. Waingereza wengi walianza kuuliza kanga ni nini baada ya kuziona kazi zake. Mimi mwenyewe niliulizwa kazini.

FundiCherehani

Kuna na hawa wa kukata na kushona. Christine Mhando, Mtanzania aliyeko London, lebo yake ya Chichia alianza kuijenga kwa kanga na khanga zetu hizi hizi. Mustafa Hassanali alianzisha Swahili Fashion Week Dar 2008, na jukwaa lile limewapa nafasi wabunifu wengi wachanga.

KapiPunjani

@FundiCherehani, kwa hiyo kanga na khanga ni vitu viwili siku hizi? Tuuzie zote.

Ummu_Sheikha

Hebu niwaingize kofia, maana nazo ni kazi ya mikono. Huku Oman tunaita kumma, na wazee husema wazi kwamba ilikuja na watu wa Unguja na pwani ya kwenu. Mama yangu alishona kofia maisha yake yote. Kitambaa cheupe mara mbili, kimechorwa kwa penseli, kila tundu linatobolewa kwa sindano na kuzungushiwa uzi mpaka liwe duara imara. Kofia moja nzuri ina matundu mengi mno, na yote yanapaswa kulingana. Alikuwa akianza baada ya Alfajiri, mwanga ukiwa mzuri, jioni hagusi kwa sababu ya macho.

Muuzaji alikuwa akizichukua kwa bei ya chini, akiziuza kwa mabwana harusi kwa mara kadhaa ya bei hiyo. Bwana harusi akisifiwa kofia, husema ameitoa duka fulani. Siku moja mama alikuwa harusini, akaiona kofia yake kichwani mwa kijana. Aliijua kwa ua la nyuma, kwa sababu alikuwa na desturi ya kuweka jani moja la ziada hapo, pasipoonekana. Alimwambia kijana: hiyo nimeishona mimi. Kijana akaivua akambusu mkono mbele ya watu.

MjukuuWaSkrini

Jani la ziada! Mjomba naye alikuwa na kidoti chake. Kwenye pembe ya kushoto chini, ndani ya pindo, kidoti kimoja kikubwa kidogo kuliko vingine. Meneja hakuwahi kukigundua.

BintiMchangani

Hii sasa ndiyo habari. Kumbe saini zilikuwapo, sisi ndio hatukujua kuzisoma. Wenye kanga za zamani, tazameni pembe ya kushoto chini mtuletee picha.

MtafitiMdogo

Tuwe waangalifu hapo. Kidoti kikubwa kinaweza kuwa kasoro ya skrini: tundu likipanuka, rangi inamwagika zaidi. Tofauti yake ni kwamba kasoro ya skrini inaweza kuonekana kipande kimoja cha doti isionekane kingine, au kuzidi kadiri chapa inavyoendelea. Kidoti kilichochorwa kitakuwa kile kile kwenye kanga zote mbili na kwenye kila jora. Mkileta picha, leteni za vipande vyote viwili.

Wakili_wa_Pwani

Niweke upande wa sheria kwa ufupi. Kenya, mchoro wa bidhaa unaweza kusajiliwa KIPI, taasisi ya serikali ya mali ya viwanda, kwa miaka 5, na kuongezwa mara mbili, jumla 15. Ila mchoro wa mwajiriwa kwa kawaida huwa mali ya mwajiri, mkataba usiposema vingine. Ndiyo maana mjomba wa @MjukuuWaSkrini hakuwa na la kudai, japo uchungu ulikuwa wake.

Na tusisahau kikoi. 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kulisajili neno "kikoy" kuwa alama yake ya biashara huko kwao. Wafanyabiashara wa Kenya na wanaharakati wakapinga, na kufikia 2008 jambo likafa. Tulikimbilia kulitetea neno. Kwa wafumaji wenyewe hatukukimbia hivyo.

LesoYaMvita

Wakili, kikoi kilitetewa kwa sababu kuna waliokuwa wakikiuza nje. Tuwape haki yao.

Mama_Ntilie_wa_Tanga

Na maneno je? Tumemzungumzia mchoraji, hatujamgusa aliyetunga maneno. Jirani yangu mmoja hapa Tanga alimpa mwenye duka msemo wake miaka mingi iliyopita, ukachapwa, akapewa doti moja ya shukrani. Msemo huo ukaenea mpaka ukaimbwa kwenye taarabu. Alikuwa akiusikia kwenye harusi za watu anacheka tu.

Ami_Shee

Na taarabu nayo hurudisha: mstari wa wimbo unachapwa kwenye leso, mtunzi wa wimbo haulizwi. Huko Madagaska wana lambahoany, pindo, mji na methali kama zetu ila kwa Kimalagasi, nao nadhani hali ni hiyo hiyo.

MzeeWaUhuru

Nimelala nimeamka nao uzi huu. Mimi nitafanya hivi. Nina madaftari ya oda ya zamani dukani. Humo kuna namba za michoro, rangi, na mara nyingine jina la aliyeleta karatasi kutoka kiwandani. Sikuwahi kufikiri kwamba ni kitu. Nitampa mjukuu wangu apige picha kurasa zenye majina. Lakini bado nasema: jina la aliyeleta karatasi si lazima liwe la aliyechora.

BintiMchangani

Babu, Mungu akupe umri. Hata hayo ya walioleta karatasi tunayataka. Kwa dai langu sijarudi nyuma: waliofutwa wamefutwa na mtu.

Kitabu_Wazi

Na mimi nimebaki kwa Ami Shee. Tuyaone madaftari kwanza.

KapiPunjani

Mke wangu amefungua sanduku. Amesoma uzi wote, amezitoa kanga zote kitandani anatafuta kidoti. Amepata moja ya "Mali ya Abdulla" yenye kidoti kikubwa, ila kiko kulia juu. @MjukuuWaSkrini, inawezekana imefungwa kichwa chini?

MjukuuWaSkrini

Mwambie asome maneno yakiwa wima. Kama bado kiko kulia juu, si mjomba, huyo ni mwingine. Naomba picha za vipande vyote viwili.